Kijiko cha Burre

Dhadho hakuwa mtoto mgumu. Wanawake wa kambini walisema ni mgumu kwa kuwa walimwona akifumba mdomo na kugeuza uso kila bakuli la uji lilipomkaribia, lakini walikosea, na Kadra mama yake alikuwa amechoka kuwaeleza. Mtoto huyo, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajaitimiza, alitaka kuambiwa jambo moja tu kabla ya kula. Alitaka kujua chakula kimetoka kwa ng'ombe gani.

"Ya nani?" aliuliza.

Na uji hauna ng'ombe.

Nyumbani kwao, kabla ya mvua ile ya mwaka wa tisini na saba iliyoutoa mto Tana kingoni, hakuna aliyempa mtoto maziwa hivihivi. Kikombe kilikuja na jina lake. Haya ni ya Dima, yule mwekundu. Haya ni ya Gurracha, mweusi mwenye pembe iliyoinama. Leo Dima amepunguza, kwa hiyo kunywa ya Dalacha, yule wa kijivu, na usimwage. Dhadho aliyajua majina hayo kabla hajawajua shangazi zake, na kwake yeye kila kilichoingia kinywani kilikuwa maziwa, na kila maziwa yalikuwa na mwenyewe.

Kisha maji yakaja. Galma, baba yake, akaliswaga kundi kwenda kutafuta nchi ya juu upande wa machweo, akamwachia mkewe ng'ombe wawili wa kukamua. Kadra na wenzake wakapanda na watoto juu ya tuta la barabara karibu na Idsowe, mahali pekee palipobaki pakavu, wakajenga vibanda kwa miti na karatasi za nailoni. Chini yao mahindi ya wakulima yalikuwa yameoza ndani ya maji. Wale ng'ombe wawili hawakudumu. Homa iliyofuata mafuriko iliwatoa damu puani, wakalala, hawakuinuka tena. Redio ikatangaza kwamba watu wasile nyama wala wasinywe maziwa mpaka waambiwe. Tangazo hilo lilimchekesha Kadra kicheko kibaya, maana lilimkataza kitu ambacho hakuwa nacho.

Kilichobaki ni uji. Unga wa msaada, mahindi na soya, uliletwa kwa helikopta na baadaye kwa lori barabara ilipoanza kupitika. Siku ya kwanza Dhadho aliunusa, akamtazama mama yake.

"Ya nani?"

"Ni uji, mwanangu. Kula tu."

Mdomo ukafungwa. Kadra alibembeleza, akaimba, akajifanya anakula yeye na kujilamba vidole. Mtoto alimtazama kwa huruma, kama anayemwona mtu mzima akijiaibisha. Siku zilivyokwenda mashavu yakashuka, na mbavu zikaanza kuhesabika.

Winfred, mwuguzi msaidizi mwenyeji wa Golbanti, alikuwa akipita tutani kuwapima watoto. Aliwafunga utepe mkononi, juu ya kiwiko: rangi ya kijani ni mtoto mzima, manjano ni hatari, nyekundu ni mtoto wa kuondolewa. Wa Dhadho ulisimama kwenye manjano, upande wa mwisho kabisa.

"Hii ikiingia nyekundu, mama Dhadho, lazima tumpeleke hospitali," alisema Winfred. "Na hospitali iko mbali. Wewe unajua."

Kadra alijua. Mtoto wa kibanda cha tatu alichukuliwa kwa helikopta pamoja na mama yake, na aliyerudi alikuwa mama peke yake. Tangu siku hiyo Kadra aliiogopa rangi nyekundu hata kwenye kanga za watu.

"Mimi nafanya nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Yeye hapana taka."

"Usimlazimishe. Ukimlazimisha atachukia bakuli. Kaa na yeye, ongea na yeye, mpe kidogo kidogo. Ile kitu anapenda, tafuta."

"Yeye napenda maziwa. Maziwa hakuna."

"Basi tafuta kitu inafanana na maziwa."

Kadra alikaa na neno hilo mchana kutwa. Jioni alichukua makaa ya mti uleule waliozoea kufukizia vyombo vya maziwa, akayatia ndani ya bakuli, akalifunika mpaka likashika harufu ya moshi. Kisha akayamwaga, akalifuta, akatia uji. Dhadho alipounusa, uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko alisogea mwenyewe.

"Ya nani?"

Na Kadra, ambaye hakuwa amepanga kusema uongo, akasema, "Ya Dima."

Mdomo ukafunguka.

Ndiyo, alimdanganya. Anayetaka kumlaumu na aende kwanza akalee mtoto mwenye njaa juu ya tuta la barabara, ndipo arudi kutufundisha ukweli. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha Dima. Cha pili Dhadho aliuliza tena, akaambiwa ni cha Gurracha. Kikaja cha Dalacha, kikaja cha Adi yule mweupe anayepiga mateke, kikaja cha Bora. Kadra alipita kundi zima la mumewe kijiko kwa kijiko, akisimulia tabia za kila mnyama, na mtoto alikula huku akitikisa kichwa kama mzee anayesikia habari za watu anaowafahamu.

Kijiko cha mwisho kilikuwa cha Burre, na hicho kilikuwa na taratibu zake.

Burre alikuwa mtamba mwenye madoa, na hakuwa wa Galma. Alikuwa wa Dhadho. Siku kitovu cha mtoto kilipodondoka, Galma alimshika sikio, wakati huo bado ndama, mbele ya watu akasema kwa sauti: huyu ni wa mwanangu. Neno kama hilo likishasemwa halirudi. Tangu hapo Burre hauzwi, hachinjwi wala hatolewi kwa mtu, si na Galma wala na mwingine, mpaka Dhadho mwenyewe akue aseme analotaka. Alikuwa hajazaa bado, hajawahi kukamuliwa hata tone. Kijiko chake kilikuwa cha maziwa ya mwakani.

"Na hii ni ya Burre wako," Kadra alisema siku ile ya kwanza. "Wewe ndiye mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe hukaribisha watu."

Dhadho alikula nusu ya kijiko hicho, akafikiri, akamlisha mama yake nusu iliyobaki.

Basi ikawa hivyo kila mlo. Bismillahi, Dima, Gurracha, Dalacha, na wengine wote kwa zamu, na mwisho Burre, ambaye mtoto humkaribishia yule aliyemlisha. Hata Barwako, shangazi yake Galma, mwanamke asiyecheka ovyo, alikaribishwa siku moja akacheka mpaka akajipaka uji kidevuni. Utepe ulianza kurudi nyuma ndani ya manjano kuelekea kijani. Winfred alikaa akautazama mchezo wote, akamwambia Kadra aendelee na asiongeze wala kupunguza kitu.

Galma alirudi maji yalipokuwa yanaanza kushuka. Wanawake walimwona kwa mbali akitembea kwenye matope na fimbo yake, wakasimama, wakaangalia nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Kamba aliyokuwa akiwafungia ndama aliivaa begani. Hakuna aliyemwuliza swali. Barwako alijifunika uso kwa mtandio, na Kadra akaenda kumchotea maji ya kunawa kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Wote?" alimwuliza walipoingia kibandani.

"Wote," alisema Galma. Alikuwa amekonda, lakini si sana. Kadra aliliona hilo, akamshukuru Mungu, akalisahau.

Wakati wa mlo aliketi nje na mtoto kama kawaida. Galma alikuwa amejinyoosha karibu na mlango, macho wazi. Bismillahi, alisema Kadra. Dhadho akauliza, ya nani, na Kadra akajibu kwa mazoea, "Ya Dima."

"Umesema nini?"

Kadra aligeuka. Galma alikuwa ameshaketi.

"Ni mchezo tu, baba Dhadho. Bila hivyo hali."

"Dima nimemwacha kichakani na fisi wanamvuta matumbo. Gurracha alianguka ndani ya maji, sikuweza hata kumtoa. Na wewe unakaa hapa unawaita kwa majina, unacheka."

"Sicheki."

"Usiwaite tena. Si mbele yangu wala nyuma yangu. Na usimdanganye mwanangu."

Alisema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomfanya Kadra anyamaze. Angepiga kelele wangegombana, na ugomvi huisha. Alimtazama mtu aliyepoteza kila kitu alichokuwa nacho, akaona si wakati wa kubishana naye juu ya vijiko. Akainama, akachota uji.

"Ya nani?" aliuliza Dhadho, maana kijiko cha pili kilikuwa kimefika bila jina.

Kadra hakujibu. Mtoto akamgeukia baba yake, ambaye tangu asubuhi ileile alikuwa ameanza upya kuzoeana naye. "Aba, ya nani?"

"Haina mwenyewe," alisema Galma. "Kula."

Mdomo ukafungwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na Kadra hatazisahau. Bakuli lilifukizwa moshi, uji ulitiwa sukari ya kuomba kwa jirani, Kadra aliimba nyimbo zote alizozijua. Dhadho alinusa, akauliza swali lake, akangoja jibu, na jibu lisipokuja aligeuka akalaza kichwa kwenye goti la mama yake. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Galma naye wakati wa mlo alikuwa akiondoka. Alichukua chakula chake akaenda kukilia mbali, nyuma ya vibanda, akiwapa watu mgongo. Kadra alidhani ni majonzi.

Mwishowe Barwako akasema mchezo umetosha. "Tulilelewa wote na hakuna aliyetuuliza tunataka ya nani," alisema, akamlaza mtoto mapajani, akambana pua kwa vidole viwili na kummiminia uji kwa kiganja alipofungua mdomo kutafuta pumzi. Kadra alisimama pale. Hiyo ndiyo sehemu anayojichukia kwayo mpaka leo, kwamba alisimama pale akaona, kwa kuwa aliiogopa ile rangi nyekundu kuliko alivyoogopa mikono ya Barwako. Uji uliingia, mtoto akapaliwa, akageuka wa zambarau, kisha vyote vikatoka juu ya nguo ya shangazi. Tangu saa hiyo Dhadho hakungoja hata kuuliza swali lake. Akiliona bakuli tu, meno yanafungwa na mwili mzima unakakamaa.

Winfred alikuja akafunga utepe. Aliusukuma kidogo, akaufunga upya, akitumaini amekosea. Ulikuwa umegusa nyekundu.

"Nini imetokea hapa? Huyu alikuwa anapanda."

Kadra alimtazama mumewe. Galma alikuwa amesimama pembeni, akichora mavumbi kwa ncha ya fimbo.

"Nani alimshika kwa nguvu?" aliuliza Winfred tena. Barwako akajishughulisha na kanga yake. "Mimi nilisema nini? Nilisema asilazimishwe. Na ule mchezo wa ng'ombe mliacha kwa nini?"

"Ng'ombe wamekufa," alisema Galma.

"Pole sana, baba Dhadho. Mimi ni mtu wa shamba, lakini hiyo hasara naijua, shamba yetu yote imeenda na maji." Aliukunja utepe. "Lakini mtoto hajafa. Mimi nangoja mpaka kesho kutwa kwa sababu imegusa tu, haijaingia. Lori ya kesho kutwa ikifika, kama hajakula, naondoka na yeye na mama yake. Na wewe pia kaa hapo wakati wa kula. Mtoto anakula na macho. Anaangalia mkubwa anakula ama hapana. Wewe nasikia unakula huko nyuma kama mwizi."

Alilitumia neno hilo kwa utani, bila kujua. Lakini Kadra, aliyekuwa akimtazama mumewe, aliona lilivyompata.

Winfred alipokwenda zake, Kadra alimfuata Galma mpaka ukingo wa tuta. Chini yao maji yalikuwa yakirudi polepole, yakiacha matope yenye harufu ya mizoga. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelala, na wepesi wake ulimtia hasira. Mtoto wa umri huo hapaswi kusahaulika mgongoni.

"Nitawaita," alisema. "Nimekuja kukwambia tu, sikuja kukuomba. Nitawaita wote, Dima, Gurracha, Dalacha, wote. Ukitaka kunipiga, nipige. Wamekufa, hawasikii. Huyu anasikia."

"Waite," alisema Galma.

Kadra hakutarajia hivyo. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa vita havikuwapo.

"Waite hao wengine," Galma aliendelea. "Yule mmoja usimwite."

"Yupi?"

Galma aligeuzia uso wake kwenye maji. Ilimchukua Kadra muda, kwa kuwa akili yake haikutaka kwenda huko.

"Burre? Kwa nini Burre? Si naye alikufa na homa?"

"Hakuugua."

Maji yalikuwa yakipita chini yao. Galma alizungumza akiyatazama.

"Walikufa wote akabaki yeye. Tulikuwa kwenye kilima kidogo, maji pande zote, mimi na yeye. Mizoga imetuzunguka. Sikuweza kula wale waliokufa, niliiona damu yao. Nilikula majani, nikala mizizi, nikatapika. Yeye alikuwa mzima, Kadra. Alikuwa anakuja kunilamba chumvi mikononi." Aliitazama mikono yake. "Nikamchinja. Nikasema Bismillahi, nikamchinja, nikamkausha nyama yake juani. Ndiyo iliyonileta hapa."

Kadra akamkaza mtoto mgongoni. Akakumbuka kwamba siku aliporudi alikuwa amekonda, lakini si sana, na yeye akashukuru.

"Ulimpa mtoto kwa ulimi wako," alisema. "Mbele ya watu."

"Najua."

"Alikuwa wake. Alikuwa kitu pekee kilicho chake duniani."

"Angekufa tu. Wote walikufa."

"Hukujua kama angekufa. Umesema mwenyewe hakuugua."

"Nisingemla, leo mtoto huyo hana baba."

Lilikuwa neno la kweli na Kadra alilijua kuwa la kweli, ndiyo maana lilimchoma zaidi. Angemsamehe mtu aliyekosa. Huyu hakumpa hata nafasi ya kumsamehe. Alisimama pale akiwa hai, na uhai wake ndio uliokuwa utetezi. Kadra alitafuta la kumwumiza, akalipata.

"Ilikuwaje nyama yake?"

Galma aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ilikuwa tamu," alisema. "Ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo linaloniua. Nilikuwa nalia na nalamba vidole."

Kadra alimwacha pale. Alirudi kibandani akaketi na mtoto wake mapajani, na moyo wake ulikuwa mgumu kuliko ulivyowahi kuwa. Alimchukia Galma. Alimchukia kwa ajili ya Burre, na kwa kumkataza yale majina si kwa uchungu wa ng'ombe waliokufa, kama alivyodai, bali kwa kuogopa kusikia jina moja mwishoni. Kwa ajili ya hofu hiyo mtoto alibanwa pua. Kwa ajili yake utepe uligusa nyekundu.

Asubuhi alifukiza bakuli, akapika uji mwembamba, akaupooza. Kisha akamchukua Dhadho akamweka chini mbele ya baba yake, na lile bakuli akaliweka mikononi mwa Galma.

"Utamlisha wewe," alisema.

"Kadra."

"Mimi kwangu ameshafunga meno. Mikono ya Barwako ameshaiogopa. Imebaki yako. Mlishe, na umwite kila mmoja, mpaka mwisho. Ukiruka jina, atajua. Anayajua kuliko wewe."

Barwako alikuwa mlangoni; alitaka kusema kitu, akauona uso wa Kadra, akaacha. Galma alikaa na bakuli kwa muda mrefu. Mtoto alilitazama, mwili wake ukaanza kukakamaa, meno yakafungwa. Kisha moshi ukamfikia puani. Hakusogea, lakini hakukimbia.

"Bismillahi," alisema Galma. Sauti yake ilikuwa imekauka, akalazimika kuanza upya. "Bismillahi. Hii ni ya Dima."

Dhadho alimtazama. Alimtazama hivyo kwa muda, akipima kama ni mtego. Galma hakusogeza kijiko. Alikishika palepale kati yao, akangoja, na bila kuambiwa na mtu akaanza kuzungumza.

"Dima mwekundu. Dima alikuwa anapenda kusimama mbele ya wenzake. Ukimwita anageuza sikio moja tu, la kushoto, lile lingine analiacha lisikilize fisi."

Mtoto alitabasamu kidogo. Mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia.

Kikaja cha Gurracha. Galma alieleza pembe yake iliyoinama, na jinsi alivyoogelea. Hakueleza alivyozama. Kikaja cha Dalacha, cha Adi, cha Bora. Alikuwa akiwajua kwa namna ambayo Kadra hakuwajua, na kila alipomtaja mmoja uso wake ulishuka, lakini sauti aliishikilia, kwa sababu mtoto alikuwa akiisikiliza. Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na bakuli na mwingine una kijiko. Dhadho alikula. Alikula taratibu, akitikisa kichwa, akiwapokea nyumbani mmoja mmoja baada ya safari ndefu.

Kisha majina yakaisha, likabaki moja.

Galma alichota uji akanyamaza. Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo, anangoja. Galma akainua macho akamtazama mkewe, na alichokiomba kwa macho hayo kilikuwa wazi, na Kadra alikielewa, na alikataa. Hakutikisa hata kichwa. Alimtazama tu.

"Burre," alisema Dhadho kumkumbusha, kwa upole, kama unavyomkumbusha mzee aliyesahau.

"Ndiyo," alisema Galma. "Ya Burre."

"Burre wangu."

"Burre wako."

Mtoto akala nusu. Halafu akafanya kile ambacho Galma hakukijua, kwa kuwa tangu aliporudi hakuwahi kungoja mpaka mwisho wa mlo. Alikishika kijiko kwa mikono miwili, akakitoa vidoleni mwa baba yake, akakigeuza kwa uangalifu uji usimwagike, akakiinua hadi kwenye midomo ya Galma.

"Kula, aba," alisema. "Ya Burre."

Galma alirudi nyuma kidogo. Alimtazama Kadra tena.

"Ni mwenye ng'ombe," alisema Kadra. "Anakukaribisha. Ukikataa, kesho hali."

Galma akafungua kinywa. Mtoto akamlisha, akatoa kijiko, akamtazama kidevu jinsi kinavyosogea, akahakikisha uji umemezwa.

"Tamu?" aliuliza.

Kadra alikuwa ameingoja saa hiyo tangu jana. Alitaka imwumize Galma, na ilimwumiza. Alidhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Aliona tu mwanamume aliyekonda, ameketi mavumbini, na mtoto aliyekonda zaidi yake akimngoja ajibu.

"Tamu," alisema Galma.

Dhadho akaridhika. Uji ulikuwa umebaki kidogo bakulini, na yeye alikuwa mtu mkarimu. Akachota kijiko kingine, kimejaa, akakiinua.

"Tena," alisema, na Galma akafungua kinywa tena.